Ruta ya mwalimu: programu dhibiti mpya au boksi la faiwoli?

Mwalimu wangu wa hesabu alipostaafu alirudi nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, akaanza kazi ya pili ambayo hakuna aliyemtuma. Anaandika ufumbuzi wa maswali ya mitihani ya zamani ya kidato cha nne, hatua kwa hatua, vilevile alivyokuwa akituandikia ubaoni: haruki mstari hata mmoja. Kurasa zimefika mia kadhaa. Mwanzoni alizikodia nafasi kwenye seva ya kampuni moja. Malipo yakachelewa siku chache, zikafutwa zote, na nakala aliyobaki nayo ilikuwa ya miezi minne nyuma. Tangu siku hiyo akasema kazi yake itakaa ndani ya nyumba yake. Akanunua kompyuta ndogo ya mtumba, nikamwekea Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na nginx, programu inayowapa wageni kurasa, kwa njia ya simu, naye akaiweka juu ya kabati la sebuleni.

Kisha akanipigia. "Mwanangu, dukani wananiambia bila boksi la faiwoli tovuti haitafunguka kwa watu wa nje. Kijana mwingine ananiambia nibadilishe tu programu ya ruta, hiyo inatosha. Bei ya boksi ni pensheni ya mwezi mzima. Nishike lipi?"

Nimeulizwa swali hili mara nyingi na watu wanaotaka kuweka seva nyumbani, na karibu kila mara huulizwa mapema mno, kabla mtu hajajua pakiti zake, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinapita wapi. Ndiyo maana naeleza kisa cha mwalimu chote, kuanzia mahali tulipoanzia, mbali na ruta na mbali na faiwoli, ule ukuta unaochuja kinachoingia na kinachotoka.

Nyuma ya ukuta wa mtu mwingine

Nilipanda basi Jumamosi. Nilimkuta mwalimu na daftari lake la mraba, ameandika kila alichojaribu kwa wiki mbili: poti 80 imefunguliwa, poti 443 imefunguliwa (poti ni milango yenye namba ya kuingilia kwenye kompyuta, na hizo mbili ni za tovuti), ruta imezimwa na kuwashwa, tovuti haifunguki. Kwenye ukuta wa sebule kulikuwa na boksi la faiba la kampuni ya intaneti, ambalo ndilo ruta yenyewe. Waya ukatoka humo hadi kwenye ruta ya pili, TP-Link Archer C7, aliyoiacha mwanawe alipohamia Arusha. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikirusha waifai hadi uani.

Nikafungua ukurasa wa hali wa boksi la kampuni, nikasoma anwani yake ya upande wa nje: ilianza na 100.78. Kisha nikachukua simu ya mwalimu, ikiwa kwenye waifai ile ile, nikafungua tovuti mojawapo ya zile zinazokuonyesha anwani unayotumia. Ikatoka namba tofauti kabisa.

Hapo jibu lilikuwa limepatikana. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa Aprili 2012 kwa kazi moja: kampuni za intaneti zinapokuwa na wateja wengi kuliko anwani, huwapa wateja namba hizo za ndani, kisha zinawatoa nje kwa pamoja kupitia anwani chache za kweli. Anwani za aina hii, ziitwazo IPv4, ni haba dunia nzima, na AFRINIC, inayogawa anwani kwa bara letu, iliingia awamu ya mwisho ya kugawa kilichobaki Januari 2020. Kwa mtu anayetazama video hali hiyo haina shida yoyote, kwa sababu yeye ndiye anayeanza mazungumzo. Kwa mtu mwenye seva ni mlango uliozibwa kwa nje. Mgeni anabisha hodi kwenye anwani inayotumiwa na nyumba mia, na kifaa cha kampuni hakina namna ya kujua hodi hiyo ni ya nani.

Kwa hiyo lile boksi la faiwoli la bei ya pensheni lisingefungua chochote. Wala programu mpya ya ruta. Pakiti zilikuwa zinakufa kabla hazijafika Ngamiani. Nilimwonyesha mwalimu namba hizo mbili, moja kwenye skrini ya laptopu na moja kwenye simu, akaziandika daftarini moja juu ya nyingine na kuchora mstari katikati yake kama anayetaka kutoa. "Kumbe nilikuwa nafungua dirisha la chumba ambacho hakina ukuta wa nje," akasema.

Njia za kutoka hapo ni tatu. Ya kwanza ni kuomba kampuni ikupe anwani ya umma, yaani ya kweli isiyochangiwa na wengine, mara nyingi kwa malipo ya ziada kila mwezi. Ya pili ni kukodi seva ndogo kabisa yenye anwani ya umma mahali pengine, kisha seva ya nyumbani ifunge njia ya WireGuard, yaani njia ya siri iliyosimbwa, kuelekea huko. Wageni wanaingia kule, wanaletwa nyumbani kwa njia hiyo. Ya tatu ni huduma kama Cloudflare Tunnel, ambayo seva yako inaipigia simu yenyewe kutoka ndani. Njia ya pili na ya tatu zina sifa moja ambayo wengi hawaioni: nyumbani hakuna poti hata moja inayofunguliwa. Ningekuwa mimi, ningechukua ya pili. Mwalimu alikataa, na sababu yake niliiheshimu. Alikwisha poteza kazi yake kwa kukodi kwa watu, na hakutaka tena mtu wa kati. Akaomba anwani ya umma. Ilichukua siku tisa ikaja.

Usiku wa kwanza

Ilipofika nilikuwa bado Tanga. Tulielekeza jina la tovuti kwenye anwani mpya, na hapo boksi la kampuni likatupa kizuizi kingine. Nilitaka ligeuzwe daraja tupu, ili anwani ya umma ishuke moja kwa moja kwenye ruta ya mwalimu. Fundi wa kampuni akakataa. Kilichobaki ni kile kisanduku kwenye ukurasa wa boksi kinachoitwa DMZ.

Nataka kusimama hapa kidogo, maana jirani yake mwalimu alikuwa amemshauri aiandike anwani ya seva ndani ya kisanduku hicho, na ushauri huo umeumiza watu. Katika fani ya mitandao, DMZ ni eneo lililotengwa, lenye ukuta mbele na ukuta nyuma. Kwenye maboksi ya nyumbani neno hilo limepewa maana nyingine: chochote kinachobisha kutoka nje, poti yoyote, kipeleke kwa kifaa hiki kimoja. Ukiiandika anwani ya seva hapo, umeivua nguo zote na kuisimamisha barabarani, huku nyuma yake ikishikana mikono na simu za wajukuu na kamera ya getini. Kisanduku hicho kinafaa kuandikwa kitu kimoja tu, nacho ni anwani ya ruta yako mwenyewe yenye ukuta wake. Nasi tukaandika ya Archer.

Kwa usiku ule tulifungua poti tatu tu ili kujaribu: 80, 443 na 22, ile ya kuingilia kwenye seva yenyewe kwa mbali. Tukakaa na laptopu kwenye mkeka kufuatilia kumbukumbu za seva. Haikupita hata saa moja. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mtu anayetafuta ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na mwalimu hana WordPress. Ukafuata mwingine anayeomba faili linaloitwa .env, ambalo watengenezaji wa tovuti huwekea manenosiri. Kisha kwenye poti 22 ikaanza mvua: nenosiri limekosewa kwa jina root, limekosewa kwa jina admin, kwa jina test, kwa jina oracle, kila sekunde chache, kutoka nchi tofauti. Mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kabla ya kuibiwa, "Nani amewaambia nipo hapa?"

Hakuna aliyewaambia. Anwani zote za IPv4 hazizidi bilioni 4.3, na kompyuta moja yenye intaneti ya kutosha inaweza kuzibisha hodi zote kwa muda mfupi. Wanaobisha ni mashine, na mashine hazichagui. Nikafunga poti 22 pale pale, na swali lake la mwanzo sasa likawa na maana.

Tulichokuwa tunachagua

Upande mmoja: kuifuta programu dhibiti ya kiwandani kwenye Archer C7, yaani ile inayoiendesha ruta, na kuiwekea OpenWrt, programu huria ya ruta. Upande wa pili: kununua kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na matundu manne ya waya, kuiwekea OPNsense, mfumo wa faiwoli, na kuiacha Archer ifanye kazi ya waifai peke yake.

Watu huzungumza kana kwamba upande mmoja ni mchezo wa vijana na wa pili ni kazi ya watu wazima. Haiko hivyo. Mwishoni mwa 2002 Linksys ilitoa ruta ya WRT54G. Watu wakagundua ndani yake kuna Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na kwa kuwa leseni ya Linux inadai msimbo utolewe, ukatolewa mwaka uliofuata. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, na herufi za jina lake zimetoka kwenye jina la ruta ile. Ukuta unaotumiwa na OpenWrt leo, tangu toleo la 22.03, ni nftables, yaani ule ule wa kernel (kiini) ya Linux unaolinda seva kubwa. Upande wa pili nao una ukoo wake: kichujio cha pf kilianzia kwenye mfumo wa OpenBSD mwaka 2001, kikaingia kwenye mwenzake FreeBSD, mfumo wa faiwoli wa pfSense ukaanza 2004 ukitokana na uliotangulia, m0n0wall, na OPNsense ikajitenga na pfSense Januari 2015. Katika kazi ya kuamua pakiti hii ipite na hii izuiwe, sijaona tofauti ambayo mwenye tovuti moja nyumbani ataigusa. Na anayetaka kuichanganya anaweza pia: OpenWrt inakubali kuwekwa kwenye ile ile kompyuta ya N100.

Kubaki na programu ya kiwandani hatukulijadili sana. Ruta ile ilikuwa na waifai ya wageni, lakini haikuwa na namna ya kulitenga tundu moja la waya liwe mtandao wake peke yake, na bila hilo hakuna kazi. Halafu kuna suala la masasisho. Novemba 2016 aina moja ya kirusi cha Mirai ilizishambulia ruta za nyumbani kupitia poti 7547, ambayo kampuni za intaneti huitumia kuzisimamia kwa mbali. Ujerumani peke yake wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikwama. Mei 2018 kikagunduliwa kirusi kingine, VPNFilter, ndani ya vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vyavyo ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Ruta yenye programu iliyoachwa na mtengenezaji wake ni mlinzi aliyelala, na mbele ya seva huwezi kumweka mlinzi wa namna hiyo.

Basi kwa nini nilimshauri mwalimu OpenWrt, asinunue boksi?

Kasi ya kifurushi chake ni Mbps 20. Archer C7 ina prosesa ya MHz mia saba na kitu na RAM ya MB 128. Kwa kasi hiyo haitoki jasho, hata ukiongeza njia ya WireGuard. Boksi la N100 lingekaa pale likipumua tu. Lakini sababu iliyonisukuma zaidi ni umeme. Nilikwenda na kipimo cha kuchomeka ukutani. Ruta ilikula wati 6. Boksi la namna ile ninalolijua kwenye ofisi moja hula wati 12. Kuna na rai ya tatu aliyopewa mwalimu, ya kuchukua kompyuta kuukuu ya mezani na kuigeuza faiwoli bure. Zile ninazozipima hula wati 60 bila kufanya lolote. Kwa mwezi wa siku 30, wati 6 ni yuniti 4.3. Wati 12 ni yuniti 8.6. Wati 60 ni yuniti 43.2. Mwalimu yumo katika kundi la wateja wa matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi. Hiyo faiwoli ya bure ingekula zaidi ya nusu ya yuniti hizo, ingemtoa kwenye kundi, na gharama ingerudi kila anaponunua LUKU. Tena umeme ukikatika, ruta ya volti 12 unaishikilia kwa UPS ndogo ya betri kwa saa kadhaa. Kompyuta ya mezani inataka UPS ya kweli, na betri zake hufa haraka.

Jambo lililobaki ni la mtu mwenyewe. Kila mashine unayoiongeza mbele ya seva ni mashine ya kusasishwa. OPNsense hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Januari na Julai, na masasisho madogo katikati yake; ni kazi nzuri, lakini inataka mtu. Mwalimu ana umri wa miaka sabini na kitu, anajifunza vizuri sana, na mimi niko kilomita mia tatu na zaidi kutoka kwake. Kifaa kimoja ambacho anakielewa kinamlinda kuliko viwili ambavyo anavisubiria fundi.

Kuiweka

Archer C7 zina matoleo kadhaa yanayofanana kwa sura na kutofautiana ndani, na faili la toleo moja si la jingine. Nilipindua ruta nikamsomesha mwalimu stika: toleo la 5. Tukapakua faili la OpenWrt 24.10 la toleo hilo, tukahakiki alama zake za ukaguzi herufi kwa herufi, yeye akisoma na mimi nikifuata kwa kidole.

Kabla ya kulipandisha tulifanya jambo ambalo nawasihi wote walifanye: tulijifunza kwanza kuifufua ruta. Archer ina njia ya kuokolewa. Unaipa laptopu anwani 192.168.0.66, unawasha seva ya TFTP, programu ndogo ya kupitishia mafaili, unaweka programu ya kiwandani kwa jina inalolitafuta yenyewe, kisha unawasha ruta huku umebana kitufe cha kuweka upya. Ruta inalivuta faili na kujiandika upya. Tuliijaribu ikiwa bado nzima. Mwalimu alibana kitufe mwenyewe, taa zikazima, zikamulika, zikarudi. Baada ya hapo woga ukamtoka. Ndipo tukaichomeka ruta kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika ndipo ruta zinapogeuka matofali, tukaiweka OpenWrt. Ilichukua kama dakika nne.

Kisha ikaja kazi yenyewe, na hapa ndipo ulinzi wote ulipo. Tundu moja la waya nyuma ya ruta tulilitoa kwenye mtandao wa nyumba na kulipa mtandao wake, 192.168.50, tukauita kwa neno alilolichagua mwalimu mwenyewe: "darasani". Nyumba ikabaki 192.168.1. Seva ikahamia darasani peke yake. Wa nje anaweza kuingia darasani kwa poti 80 na 443, basi. Wa nyumbani anaweza kuingia darasani kusoma kurasa. Aliye darasani hawezi kuingia nyumbani kwa njia yoyote. Mstari huo wa mwisho ndio niliosafiria. Siku seva ikitekwa, na lazima upange kana kwamba itatekwa, mtekaji atajikuta ndani ya chumba chenye mlango mmoja, asiweze kuiona kamera ya getini wala simu ya mjukuu.

Tukabana pia kinachotoka. Seva ya kurasa za hesabu haina haja ya kuongea na dunia nzima. Inahitaji kuchukua masasisho ya Debian, kuuliza anwani za majina ya tovuti, kuweka saa yake sawa, na kuhuisha cheti cha usalama wa tovuti cha Let's Encrypt, ambacho hudumu siku 90. Yaliyobaki yamezuiwa. Wengi hujenga ukuta wa kuingilia na kusahau wa kutokea, ilhali seva iliyotekwa kitu cha kwanza inachofanya ni kupiga simu nje kuomba maagizo. Poti 22 haikufunguliwa tena kwa nje. Mimi naingia kwa WireGuard, ambayo haimjibu kabisa mtu asiye na ufunguo. Ukibisha bila ufunguo ni kama pale hapana mlango.

Halafu tukakwama, na kosa lilikuwa langu. Mwalimu akafungua tovuti yake kwenye kompyuta ya nyumbani, ikagoma. Akafungua kwenye simu kwa waifai, ikagoma. Mimi nikafungua kwa bando la simu yangu, ikafunguka. Nilizunguka saa nzima nikikagua cheti na nginx, vitu ambavyo havikuwa na kosa. Kiini ni hiki: aliye ndani anapotaja jina la tovuti, anapewa anwani ya umma, yaani anatumwa nje ili arudi ndani. OpenWrt hushughulikia mzunguko huo yenyewe, lakini kwa anwani ya nje iliyopewa yenyewe tu, na kwa kawaida kwa eneo ambamo seva imo tu. Kwa kuwa anwani ya umma ilikuwa imebaki kwenye boksi la kampuni, na seva nilikuwa nimeitenga darasani, walio nyumbani walikosa njia hiyo. Dawa ilikuwa mstari mmoja: ruta yenyewe, inapoulizwa jina la tovuti na mtu wa nyumbani, ijibu 192.168.50.10 moja kwa moja. Ukikutana na tovuti inayofunguka kwa bando na kugoma kwa waifai ya nyumbani, anza hapo. Ikiendelea kugoma kwenye kivinjari kimoja tu, angalia kama kivinjari hicho kimewekwa kuuliza majina kwa njia yake ya siri badala ya kuiuliza ruta.

Kile ambacho ukuta haukioni

Mwalimu aliuliza swali zuri jioni ile. "Sasa wale waliokuwa wanatafuta mlango wa WordPress, wamezuiwa?" Hapana. Wanaingia kwa poti 443 kama mwanafunzi wa Korogwe anavyoingia. Ukuta unaona pakiti halali inakwenda kwenye poti halali, unaipitisha. Ndani yake kumefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo hata mfumo wa kunusa mashambulizi kama Suricata, ambao watu hununulia maboksi makubwa, hauwezi kusoma kilichoandikwa ndani isipokuwa uufungue usimbaji huo njiani. Muuzaji anayekuambia boksi litaizuia tovuti yako isidukuliwe anakuuzia kitu ambacho boksi halina.

Kinachomlinda mwalimu pale ni kwamba tovuti yake ni kurasa tupu: hakuna pa kuingilia, hakuna hifadhidata, hakuna msimbo unaopokea maandishi ya mgeni. Alitaka kuongeza fomu ya maswali ya wanafunzi. Nilimsihi apokee kwa barua pepe, akakubali. Angeng'ang'ania fomu, ningetumia muda wangu wote kwenye fomu hiyo na masasisho yake kabla ya kufikiria ukuta wa aina yoyote.

Boksi ningelichagua lini? Nimelichagua, kwenye ofisi yenye watu zaidi ya ishirini, laini mbili za intaneti zinazopokezana, matawi mawili yaliyounganishwa kwa VPN, njia ya siri kati yao, na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Hapo N100 na OPNsense vilikuwa sahihi: ripoti zinasomeka, ukiharibu mpangilio unarudisha wa jana, na kadi ikiungua unapata nyingine. Ukilinunua, hakikisha matundu yake ya waya ni ya Intel, maana FreeBSD na kadi za Realtek zimesumbuana kwa miaka. Ningelichagua pia kwa nyumba yenye faiba ya Mbps mia tano na kuendelea, ambako ruta kama Archer hii inazidiwa. Na kama ruta uliyonayo ina flashi ya ndani ya MB 4 na RAM ya MB 32, usiilazimishe: OpenWrt ya leo inataka angalau MB 8 na MB 64, na toleo la zamani lililoachwa halina tofauti na lile la kiwandani ulilolikimbia.

Sasa

Nilimwachia mwalimu ukurasa mmoja, akaunakili kwa mwandiko wake na kuubandika ndani ya mlango wa kabati: namna ya kuhifadhi mpangilio wa ruta kwenye flashi, namna ya kusasisha, namna ya kuifufua. Nakala ya kurasa zake inakwenda kwa mwanawe Arusha kila Jumapili usiku. Kamera ya getini bado inanisumbua, programu yake haijasasishwa tangu inunuliwe. Nimeitenga nayo kwenye mtandao wake isiweze kutoka nje, na mwanawe amelalamika kwamba haioni tena kutoka Arusha. Hilo tutalimaliza kwa WireGuard nikienda tena.

Lilipotoka sasisho dogo la OpenWrt alinipigia, sikuwahi kupokea. Nilipompigia baadaye alikuwa ameshamaliza. Amehifadhi mpangilio, amesoma stika upya, ameichomeka ruta kwenye UPS, amepandisha faili, amesubiri taa. "Tovuti inafunguka," akaniambia. Nikamuuliza ameifungua kwa waifai au kwa bando.

"Kwa zote mbili," akasema. "Nimeanza na bando."